Miwani Tatu za Mzee Ratiba

Tarehe 4 Februari

Chiriku wangu,

Usishtuke kuona bahasha. Baba yako amenipiga marufuku kukupigia simu, kukutumia ujumbe, na "kukufuata huko chuoni kwa chombo chochote chenye magurudumu" mpaka atakapotoa jibu lake. Barua hakuzitaja. Nilimsikiliza kwa makini sana kuanzia mwanzo hadi mwisho, na barua hakuzitaja.

Ningekuandikia mapema, ila nilitaka nikuandikie nikiwa na jibu mkononi. Sasa naona nikisubiri jibu nitazeeka, kwa hiyo nikueleze tu.

Nilikwenda kwenu mwezi uliopita, nimevaa shati ulilonichagulia. Nikapewa kiti cha kibarazani, kile chenye mguu unaocheza. Mama yako alinipokea vizuri. Mzee akatoka ndani, akanitazama, akasogea, akanitazama tena, akakunja uso. Nikajieleza: mimi ni fundi wa miwani, nina chumba cha kupimia macho karibu na posta, nampenda binti yako na nataka kumuoa. Akakoroga chai mpaka ikapoa. Kisha akasema, "Kijana, maisha yangu yote nimepanga ratiba za treni, na sijawahi kuruhusu kitu kiondoke stesheni kabla sijakiona kwa macho yangu. Wewe nakuona kama ukungu. Nitatoa jibu siku nitakapokuona vizuri."

Nilitaka kuruka juu kwa furaha. Mkwe anakuambia kikwazo chako pekee ni macho yake, na wewe kazi yako ni macho! Nikampima siku hiyohiyo na kumtengenezea miwani tatu ili achague moja. Hapo ndipo nilipojipalia makaa.

Ya kwanza fremu yake ni nyeusi, vioo vyake ni vya kioo halisi. Anaona nayo mpaka vumbi la dirisha la jirani, ila ni nzito na inamwachia alama puani. Ya pili ni ya chuma, nyepesi mno, anaona nayo si haba, lakini mama yako anasema akiivaa anafanana na mtu aliyekuja kukata umeme. Ya tatu ni ya kahawia. Hiyo inampendeza hasa, na uzito wake ni wa kadiri, ila vioo vyake vina rangi kidogo na gazeti linafifia.

Akaondoka na ya chuma. Baada ya siku chache huyo hapo mlangoni: anataka nyeusi, kwa sababu inaona zaidi na inampendeza zaidi. Ni nzito, sawa, lakini ni mambo mawili dhidi ya moja. Nikambadilishia. Wiki iliyofuata anataka ya kahawia badala ya nyeusi: ni nyepesi zaidi na inapendeza zaidi. Mawili dhidi ya moja. Nikambadilishia. Jana karudi. Anataka ya chuma badala ya ile ya kahawia, kwa sababu ni nyepesi zaidi na inaona zaidi. Mawili dhidi ya moja, anasema, na ananitolea macho kama mimi ndiye ninayemchelewesha.

Tumerudi tulikoanzia, Chiriku. Na kila akivaa anasema sasa anakaribia kuniona vizuri, lakini tusubiri kidogo, maana huenda ile nyingine ikamwonyesha vizuri zaidi.

Nifanye nini?

Wako,
Mpima Macho


Tarehe 11 Februari

Mpima Macho wangu,

Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Hivi unajua nimekuja kusoma nini huku? Baba huwaambia watu nasomea michezo, na mzee mmoja wa mtaani kwetu aliwahi kuniuliza nacheza namba ngapi. Somo lenyewe huitwa nadharia ya michezo: namna watu wanavyochagua, hasa wanapochagua mbele ya watu wengine nao wanaochagua. Na wiki hii nimemkuta baba yangu mzazi ubaoni.

Sikiliza. Vitabu vinasema mtu mwenye busara mapendeleo yake hupanga foleni. Akipenda chai kuliko kahawa, na kahawa kuliko maziwa, basi chai itayashinda maziwa, hakuna mjadala. Ya baba hayajapanga foleni, yamekaa duara. Nyeusi inaishinda ya chuma, kahawia inaishinda nyeusi, na ya chuma inaishinda kahawia. Cha ajabu ni kwamba hakosei mahali popote. Kila hatua ana sababu zake mbili dhidi ya moja, ndivyo alivyokata mashauri kazini tangu ujana wake. Ukimbishia hatua yoyote atakushinda. Kosa liko kwenye mzunguko mzima, na mzunguko mzima yeye haangalii, anaangalia miwani mbili zilizo mbele yake.

Sasa sikia utamu wake. Mtu wa namna hii anakamulika. Kila anapobadilisha anaamini anapata kilicho bora, kwa hiyo hatakataa kuongeza kitu kidogo ili abadilishiwe. Akimaliza duara anajikuta na kilekile alichoanza nacho, pungufu ya vitu vitatu. Mzungushe tena, pungufu ya sita. Vitabu hutoa mfano wa pesa, lakini ukimchukulia baba yangu hata senti nitakukana hadharani. Wewe mwombe nafasi. Leo mwombe kiti kizuri zaidi, kesho kitu kingine, hatua kwa hatua. Atafika kwenye ndiyo bila kujua amepita njia gani.

Jambo moja dogo tafadhali. Usimwambie mama kwamba masomo yangu yanakwisha mwezi wa nne. Nataka nimwambie mwenyewe.

Wako,
Chiriku


Tarehe 25 Februari

Chiriku,

Imekubali! Ninakuandikia nikiwa nimeshiba chakula cha kwenu!

Alitaka kuiacha ya chuma achukue nyeusi, kama vitabu vyako vilivyosema. Nikamwambia, "Mzee, usijisumbue kuja dukani, nitakuletea nyumbani. Ila jua la kibarazani linaniharibia vipimo." Akafikiri. Akaitazama nyeusi mkononi mwangu. Akasema, "Ingia." Nimekaa sebuleni kwenu, mwenzangu, kwenye kochi lenye vitambaa! Mama yako alipita na sinia, akaniona, akageuka kurudi jikoni, na nikamsikia anacheka peke yake.

Wiki hii ikawa zamu ya kuitamani kahawia. Nikamwambia miwani hii ina rangi, lazima tuijaribu wakati wa kula, watu wengi wakiivaa hushindwa kuona mfupa wa samaki. "Na mfupa wa samaki," nikasema kwa sauti ya kitabibu, "haungoji." Akanikaribisha mezani. Nimeketi mkabala naye. Akawa anatazama samaki, ananitazama mimi, anatazama samaki. Mwishowe akasema, "Kula, kijana wa vioo." Tukabishana habari ya bei za mchele mpaka mama yako akatuondolea sahani.

Nikuambie ukweli, wakati wa kurudi nyumbani nilijiona mjanja sana. Mtaa wa pili nikajiona mwizi. Nilipofika kwangu nikajiona mjanja tena.

Nataka nije nikuone mwezi wa tatu. Hata ile amri ya magurudumu nitamkamua mpaka aiondoe, nipe tu ruhusa yako.

Mpima Macho,
mtu wa sebuleni


Tarehe 6 Machi

Mpima Macho,

Hongera kwa kochi. Mimi nilikatazwa kukalia kochi lile mpaka nilipomaliza sekondari.

Mwezi wa tatu usije. Nina mitihani, nina kazi ya kuandika, na chumba changu hakifai kuonwa na mtu anayenipenda. Tungoje kidogo. Ukinipa wiki tatu tu nitakuwa na akili iliyotulia.

Endelea kumzungusha. Safari hii omba simu.

Chiriku


Tarehe 17 Machi

Chiriku wa mimi,

Wiki tatu umepewa. Na simu nimepata!

Nilipofika kwenu alitoka na ile ya kahawia, amechoka na rangi yake, anaidai ya chuma. Nikamwambia mtu aliyebadilisha miwani namna hii anahitaji kufuatiliwa kwa karibu, na mimi siwezi kufuatilia mteja kwa karibu nikiwa na mawazo. Akauliza mawazo gani. Nikaugusa tu mfuko wa simu yangu. Mama yako akasema kutoka jikoni, "Si umruhusu tu mtoto wa watu azungumze na mwenzake!" Mzee akaishika ya chuma, akaipima uzito kwenye kiganja, akasema, "Jumapili. Saa nne. Dakika kumi. Na zisizidi, nitakuwa na saa."

Basi Jumapili saa nne kamili simu yako italia. Nimeshaandika nitakayosema, na nimepunguza hadi dakika nane ili na wewe upate mbili.

Mpima Macho


Tarehe 24 Machi

Mpima Macho,

Samahani kwa Jumapili. Iliita nikaiona, lakini simu yangu ina ubovu kwenye kipaza sauti, ningekusikia wewe na wewe usingenisikia mimi. Usipige kwa sasa. Tuendelee na barua, barua zimetuzoea. Tena usimwambie baba kwamba sikupokea, atapata la kusema.

Naomba tu uniamini.

Chiriku


Tarehe 2 Aprili

Chiriku,

Nimeipokea barua yako. Hiyo simu yenye ubovu kwenye kipaza sauti ilimpigia mama yako Jumatatu, na mkaongea mpaka maharage yakaungua. Nilikuwepo. Nilikula hayo maharage.

Sikuulizi. Nakupa habari za huku tu.

Duara jipya lilianza na nyeusi. Niliomba asiniite tena kijana wa vioo. Akauliza aniite nani. Nikasema lolote lenye heshima kidogo. Sasa ananiita mwanangu, na mara ya kwanza alipolitamka mama yako alifuta meza iliyokuwa safi.

Kisha ikaja zamu ya kahawia. Hiyo ndiyo zamu niliyokuwa nimepanga kumwomba anipe wewe. Nilikuwa nimejiandaa na maneno yangu yote. Akanyoosha mkono kuipokea, ameinua uso, ana ile alama ya nyeusi puani, anangoja kwa heshima niseme ninachotaka. Nikamwona mzee wa watu. Mtu amenipa kochi lake na sahani yake, na mimi namzungusha kama mtoto anayemzungusha mbuzi kwenye kigingi. Nikashindwa. Nikampa bure, nikaaga, sikungoja hata chai.

Nimeacha kukamua. Kama atanikubali na anikubali, kama hanikubali nitajua pa kwenda kulia.

Mpima Macho


Tarehe 5 Aprili

Binti yangu,

Andika tarehe uliyoipata barua hii, posta ya huko siiamini.

Kwanza habari ya miwani. Juzi mama yako aliniuliza mbona nabadilisha miwani kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Nikamwambia kila nilipobadilisha nilipata iliyo bora. Akasema, "Basi hii uliyonayo leo ni bora kuliko zote?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kuliko ya chuma?" Nikachukua karatasi, nikachora kama tulivyokuwa tukichora njia za treni. Binti yangu, nimezunguka. Mimi! Treni yangu imetoka stesheni na kurudi stesheni ileile, imebeba abiria walewale, na mimi nimesimama napunga bendera. Nimefedheheka sana, na naomba habari hii isitoke nje ya familia. Kibaya zaidi ni kwamba hata sasa ninapojua, nimevaa ya kahawia na naitamani ya chuma.

Mama yako akaniambia na mengine. Anasema karibu kila nilipobadilisha kijana yule aliomba jambo. Nikakumbuka kochi. Nikakumbuka meza na simu. Nikapandisha hasira mpaka nikavaa viatu nimfuate. Lakini nikiwa mlangoni nikakumbuka siku aliyonipa hii ya kahawia. Nilikuwa natamani ile fremu kiasi kwamba angeniomba wewe siku ile ningesema ndiyo. Mungu anisamehe, ningekutoa kwa fremu. Naye alijua. Nilimwona anajua. Hakuomba. Alinipa bure akaondoka ameinamisha kichwa.

Niliahidi jibu siku nitakapomwona vizuri. Nimeshamtazama kwa miwani zote tatu, na katika zote ni yuleyule. Jibu langu ni ndiyo.

Sijamwambia, na ni kwa sababu yako. Mama yako hajui kunificha kitu hata akijitahidi. Mwezi wa pili ulimwambia unarudi nyumbani kuolewa. Baadaye ukamwambia umepata masomo ya ng'ambo, umekubali, umeshaandika. Baada ya hapo ni kazi ya kufundisha hapo chuoni, na unaichukua. Jumatatu ukampigia kwamba unarudi nyumbani kuolewa. Mara zote nne umemwapia.

Mimi nimezunguka na miwani, na miwani haiumii. Wewe mweleze kijana ukweli, halafu mimi nitamweleza jibu langu. Nisimpe ndiyo yangu wakati ya kwako haipo.

Mama yako anakusalimia. Anasema maharage si kitu.

Baba yako


Tarehe 12 Aprili

Mpima Macho,

Nimeanza barua hii na kuichana mara nyingi, kwa hiyo hii nitaituma hata ikiwa mbaya.

Simu yangu ni nzima. Sikupokea kwa sababu sauti yangu ingenisaliti. Barua naweza kuisoma tena na kufuta pale ninapotetemeka.

Nimepata mambo mawili huku. La kwanza ni kazi ya kufundisha hapahapa chuoni. La pili ni nafasi ya kusoma zaidi, mbali sana, miaka mitatu. Na la tatu, ambalo halitoki huku, ni kurudi nyumbani, kwako. Nikilinganisha nyumbani na kazi ya hapa, nyumbani inashinda, kwa sababu wewe upo. Nikilinganisha kazi ya hapa na masomo ya mbali, kazi inashinda, kwa sababu nimechoka kuwa mwanafunzi anayehesabu nauli na kuazima koti. Basi nyumbani ingeshinda yote, sivyo? Lakini nikiweka mezani nyumbani na masomo ya mbali, hayo mawili tu, masomo yanashinda. Naogopa nikirudi sasa sitaondoka tena, na siku moja nitakutazama ukifuta vioo vyako na kukuchukia kwa jambo ambalo hukulifanya.

Nimecheka duara la baba na huku nikizunguka langu. Nimeandika kukubali na kuandika kukataa, mpaka karani wa usajili akiniona kwenye korido anaingia chooni.

Tena kuna jambo baya zaidi. Nilipokaa na kusoma barua zangu kwako nimeona kila moja ina ombi dogo. Usimwambie mama, usije, usipige, niamini tu. Nilikufundisha kumkamua baba, na wakati huohuo nilikuwa nakukamua wewe, mtu ambaye mapendeleo yake hayajawahi kuzunguka hata siku moja.

Baba amekubali. Atakuambia mwenyewe, ila nilitaka ulisikie hili kwanza kutoka kwangu. Amesubiri kukuambia kwa ajili yangu.

Chuoni wanataka jibu la mwisho kabla ya mwezi kwisha. Mimi nimeshindwa. Nichagulie wewe, nami nitalikubali utakalosema.

Chiriku


Tarehe 19 Aprili

Chiriku,

Nimekasirika. Nakuambia mapema usije ukanisoma kwa sauti ya upole.

Sikuchagulii. Ukija kwa sababu nimekuchagulia, basi kila tutakapokosana utaitamani ile nyingine, na utakuwa na haki. Mzigo wako ubebe mwenyewe.

Wateja wa aina yako ninao kila wiki. Nakaa mbele yao na vioo vyangu, nauliza, hii au hii? Hii. Hii au hii? Ile ya mwanzo. Hii au ile ya mwanzo? Hii. Wengine hulia. Mtu akifika hapo natoa vioo vyote, namwambia afumbe macho apumzike, halafu namuuliza jambo ambalo ilipasa nianze nalo: unataka miwani ya kufanyia nini? Mshonaji huniambia tundu la sindano. Dereva huniambia barabara. Baada ya hapo kazi ni nyepesi. Baba yako sikumuuliza swali hilo, na aibu ni yangu, maana kuzunguka kwake kulikuwa kunanipa chakula. Jana nimemuuliza. Anataka kusoma gazeti, basi. Amechukua nyeusi. Pua inamuuma na amekubali imuume.

Sasa yangu mimi. Ulisema mapendeleo yangu yamepanga foleni. Ni kweli. Wewe uko mbele kwenye foleni hiyo, na nyuma yako hakuna mtu. Nakupenda, na nimekaa kwenye kochi la baba yako nikiogopa kukuambia hivyo kwa maneno haya, nikawa nakuandikia habari za samaki.

Lakini kinachonichoma ni hiki. Umeniweka mezani na maisha mawili mengine, mimi nikiwa ndiyo "nyumbani", kana kwamba nimejengewa ukutani pamoja na kabati. Kazi iko hapo, masomo yako kule, na Mpima Macho amesimama karibu na posta milele. Mimi si fremu, Chiriku. Nina miguu. Katika hayo masomo yenu ya watu wanaochagua mbele ya wengine wanaochagua, yule wa pili kazi yake huwa ni kukaa tu? Mbona hukuniuliza hata mara moja kama ninatembea?

Fumba macho upumzike. Halafu niandikie unachokitaka, bila kukiweka kando ya kitu kingine.

Mpima Macho


Tarehe 25 Aprili

Mpenzi wangu,

Nimefumba macho. Sikupumzika, ila nimefumba.

Nataka masomo ya mbali. Nimeyataka tangu siku tangazo lilipobandikwa, kabla sijajua kama nitaweza, na kila mara nilipoyakataa nilikwenda kulisoma tangazo lile tena, kana kwamba nimesahau kitu pale. Sitaki kazi ya hapa. Nilikuwa naiweka katikati ili nisilazimike kutazama hayo mengine mawili yakiwa pamoja.

Na nakutaka wewe. Sikutaki kuliko kitu fulani, nakutaka tu. Nilidhani ni lazima kimoja kimshinde mwenzake, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofundishwa kuuliza. Na sikukuuliza kama unatembea kwa sababu niliogopa jibu. Kukupoteza kwa kimya niliona nitaweza kuvumilia. Kukupoteza kwa kukuuliza uso kwa uso na wewe ukasema hapana, hilo sikuweza.

Jana nimempelekea karani barua ya kukubali. Ameisoma mara mbili, akagonga muhuri kwa nguvu mpaka wino ukaruka, akasema nikileta nyingine ataomba uhamisho. Sitaleta. Nakwenda, hata ukisema hapana. Nimekuandikia hivyo ili ujue sikuvizii wala sikuombi kitu kidogo cha kunibembeleza. Naomba kikubwa, na nakiomba mara moja.

Una chumba chako, una wateja, una jina mtaani. Huko niendako hakuna anayekujua. Najua uzito wake.

Je, utakuja nami?

Chiriku wako


Tarehe 3 Mei

Chiriku,

Nakuja.

Sasa mengine. Mwenye nyumba nimempa notisi, chumba nitakiacha Agosti. Nimeuliza kama huko tuendako kuna watu wenye macho mabovu nikaambiwa wamejaa, wanasoma mno. Kwa hiyo kula tutakula.

Mama yako alilia, kisha akauliza kama huko kuna baridi, kisha akaanza kutafuta nyuzi za sufu. Baba yako amenuna. Anasema yeye alikubali kutoa binti, hakuna mtu aliyemweleza kwamba anapoteza na mtu wa kubishana naye mezani. Jana alikula chakula kizima ameinamia sahani yake. Nilipoaga akanisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akasimama hapo anatazama magari. Akasema, "Mwanangu, huyo mtoto akianza kuzunguka tena, wewe kaa palepale alipokuacha, atakukuta." Nikamwambia safari hii nimeamua kwenda naye. Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, halafu akaniambia nikimbie, nitanyeshewa.

Nataka tufunge ndoa nyumbani mwezi wa saba, mbele yao, halafu tuondoke wote. Sitaki kulipanga hili kwa barua. Tumeandikiana vya kutosha, na nina hamu na wewe mpaka naona haya. Natoka kesho asubuhi.

Barua hii ikifika kabla yangu, nipokee kituoni. Nikifika kabla yake, usiifungue. Nitakuwa nimeshakuambia.

Wako